Songea hadi Kigoma kwa ndege ni kilomita 916, mbona mama yangu anaambiwa asafiri siku mbili?

Binti Mfaranyaki
Jumapili, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa mawazo, hasa kwa wanaojua mambo ya usafiri wa anga.

Mimi nipo Kigoma, nafundisha huku mwaka wa sita sasa. Kwetu ni Songea, Mfaranyaki. Nimejifungua wiki tano zilizopita, mtoto wa kwanza, na mama yangu anataka kuja kumwogesha mjukuu wake. Mama ana miaka 71 na magoti hayamtii tena. Akikaa kwenye basi saa nne anashuka ameshikiliwa. Kwa hiyo basi nimelifuta kichwani. Nimejibana, nimeweka hela ya ndege.

Nikaingia mtandaoni kutafuta umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Songea hadi wa Kigoma. Ukurasa mmoja ukanipa jibu bila kusita: kilomita 916, muda wa kuruka saa 1 na dakika 38. Nikampigia mama hapo hapo. Nikamwambia, mama, chai utakunywa Songea, chakula cha mchana utakula kwangu. Akaanza kufunga mzigo siku ile ile.

Jana nimeenda kwa wakala wa tiketi hapa Mwanga. Kaniambia hakuna kitu kama hicho. Mama atoke Songea aende Dar, alale Dar, kesho yake ndiyo apande ya Kigoma. Siku mbili! Sasa nataka kuelewa: ule umbali ni wa kweli au ni wa uongo? Na kama ni wa kweli, hiyo saa moja na dakika 38 imepotelea wapi? Na zaidi ya yote, nimlete vipi mama bila kumuumiza?

Mzawa wa Ujiji
Jumapili, saa 2:55 usiku

Hongera sana dada kwa kupata mtoto. Mimi nimezaliwa mwisho wa reli na nimekulia hapa, ndege ya moja kwa moja Kigoma hadi Songea sijaiona wala kuisikia. Wakala wako hajakudanganya. Ngoja wataalamu waje.

Rula na Dira
Jumapili, saa 3:30 usiku

Dada, umbali ni wa kweli kabisa. Nafundisha jiografia kidato cha tano na cha sita, hesabu hii nimewafanyisha wanafunzi wangu mara nyingi, kwa hiyo nimechukua kalamu nikaipiga upya kwa viwanja vyako viwili.

Uwanja wa Kigoma upo nyuzi 4 na dakika 53 kusini mwa ikweta, na nyuzi 29 na dakika 40 mashariki. Songea ni nyuzi 10 na dakika 41 kusini, nyuzi 35 na dakika 35 mashariki. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Digrii ya longitudo huwa inapungua kadiri unavyoikimbia ikweta, ila sisi tupo karibu nayo, hivyo kwa eneo hili bado ni kilomita 110. Toa, zidisha: kutoka Kigoma unashuka kusini kilomita 645 na unasogea mashariki kilomita 651. Ukitumia kanuni ya Pithagorasi unapata 916. Hata ukitumia kanuni ndefu ya duara la dunia jibu linabaki pale pale, kwa sababu safari ni fupi na ikweta ipo jirani. Wenzetu wanaoruka kutoka London kwenda Los Angeles ndio wanaoona mstari wa ramani na mstari wa dunia ukiachana.

Tazameni hizo namba mbili, 645 na 651. Karibu zinalingana. Maana yake Songea ipo kusini-mashariki ya Kigoma pale pale, nyuzi 135 kwenye dira.

Nikachukua ramani ya ukutani, nikaweka rula. Mstari ukitoka Kigoma unapita karibu juu ya Mpanda penyewe, unaliacha Ziwa Rukwa upande wa kulia, unakatiza Chunya, unavuka barabara kuu ya TANZAM magharibi kidogo ya Igurusi, unapanda uwanda wa Kitulo kule kwenye maua, Makete, unapita mashariki ya Ludewa, halafu Songea. Nilikaa nikiuangalia mstari huo muda mrefu. Ni nchi ambayo watu wake wanafanana maisha, wanalima mahindi na maharage yale yale, na hakuna njia inayoifuata kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na kwa wanaopenda historia: Wangoni walipofika Ufipa na mkuu wao Zwangendaba akafia huko miaka ya 1840, waligawanyika. Wengine, waliokuja kuitwa Watuta, walipanda kaskazini hadi karibu na Ujiji. Wengine wakashuka hadi Songea. Kwa hiyo dada, njia unayoitafuta ina ndugu wa kale pande zote mbili.

Fundi wa Ratiba
Jumapili, saa 4:15 usiku

Mwalimu wa jiografia ameeleza vizuri. Mimi niongezee upande wa muda. Nimestaafu, lakini miaka 27 kazi yangu ilikuwa kupanga safari za ndege: mafuta, uzito, njia, upepo, saa za kuondoka.

Mwanangu, kurasa za aina hiyo mtandaoni zinachukua viwanja vyovyote viwili duniani zinapima umbali, kisha zinagawa kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 805 kwa saa, halafu zinajumlisha nusu saa ya kupaa na kutua. Jaribu: 916 gawa kwa 805 ni saa moja na dakika 8. Ongeza 30. Ndiyo hiyo saa 1 na dakika 38 yako. Mashine haijui kama kuna ndege inayokwenda huko. Haijaulizwa.

Ndege zinazohudumia sana viwanja vyetu vya mikoani ni pangaboi, yaani za propela, aina ya Dash 8 Q400. Inakwenda kama kilomita 667 kwa saa ikishatulia juu, sawa na maili za baharini 360. Safari yako ni maili za baharini 495. Ikienda moja kwa moja, saa 1 na dakika 22 za mwendo wa kutulia, weka dakika 20 za kusogea uwanjani, kupaa taratibu na kushuka: saa 1 na dakika 42. Umeona? Jibu la mashine linakaribiana na la kweli ingawa hesabu yake ni ya ndege nyingine kabisa. Kwenye safari fupi jeti na pangaboi hazipishani sana. Kwa kilomita 916 jeti inakupa faida ya robo saa hivi kwenye mwendo wa kutulia.

Upepo nao una neno lake. Huku kwetu juu mara nyingi unavuma kutoka mashariki. Mama akitoka Songea kwenda Kigoma unamsukuma mgongoni, akirudi unampiga usoni. Ni dakika chache tu, lakini mpangaji anazihesabu kwa sababu kila dakika ni mafuta.

Sasa njoo kwenye safari iliyopo. Songea hadi Dar ni kilomita 581. Dar hadi Kigoma ni 1,077. Jumla 1,658. Mama atazunguka kilomita 742 zaidi ya mstari ulionyooka. Lakini hewani atakaa kama saa 3 na dakika 25. Maana yake mzunguko wa Dar unamwongezea saa moja na dakika 43 tu za kuruka. Saa nyingine zote, ishirini na kitu, si za umbali. Ni za kusubiri.

Binti Mfaranyaki
Jumapili, saa 4:32 usiku

Shikamoo mzee wangu. Asante sana, nimeelewa mwanzo mwisho. Lakini nina swali la moyoni. Kama ndege ingefika kwa saa 1 na dakika 42, kwa nini hakuna hata moja? Hata mara moja kwa wiki? Huku Kigoma tupo wengi tu kutoka kusini. Walimu, wauguzi, askari. Kila Desemba tunaanza kuomba ruhusa mapema kwa sababu ya siku za njiani.

Fundi wa Ratiba
Jumapili, saa 5:05 usiku

Marahaba mwanangu. Swali lako niliulizwa kazini na watu wengi, wa Bukoba, wa Mtwara, wa Mpanda. Nikujibu kama nilivyokuwa nawajibu.

Q400 ina viti 76. Ukiirusha Songea hadi Kigoma mara moja kwa wiki, ndege moja ni watu 76 kwenda na 76 kurudi, na lazima zaidi ya nusu ya viti hivyo vijae kila wiki, masika na kiangazi, mwezi wa ada za shule na mwezi ambao watu hawana hela. Desemba utajaza na watu wabaki. Februari je? Sasa chukua abiria wa Songea wanaokwenda Dar, changanya na wanaokwenda Mwanza, Kilimanjaro, Zanzibar, Kigoma. Wote hao wakipanda ndege moja hadi Dar wanaijaza. Pale Dar wanatawanyika. Ndiyo maana Dar inavuta kila kitu.

Kuna hesabu nyingine. Viwanja 10 vya mikoa, ukitaka kila kimoja kiwe na ndege ya moja kwa moja kwenda kila kingine, unahitaji njia 45. Ukiviunganisha vyote na Dar unahitaji njia 10. Nchi yenye ndege chache haina ubishi hapo.

Na kuna mambo ambayo abiria hayaoni. Mafundi na vipuri vipo Dar. Viwanja vingi vya mikoani havina mafuta ya ndege, hivyo ndege inatoka na mafuta ya kurudia, na mafuta yana uzito, na uzito huo unakula nafasi ya mizigo. Viwanja kadhaa vimefanya kazi mchana tu miaka na miaka kwa kukosa taa, kwa hiyo ratiba nzima inabanwa kati ya mapambazuko na magharibi. Ndege inayochelewa asubuhi Dar kwa saa mbili inaweza kumfungia jioni abiria wa mkoani. Mama yako hatalala Dar kwa sababu mtu amependa alale. Ndege ya Songea inatua mchana, na ya Kigoma inakuwa imeshaondoka asubuhi.

Sisemi ni sawa. Nasema ndivyo ilivyo, na nimeumia nayo kazini mara nyingi, hasa kwa wagonjwa na wazee.

Dereva wa Tunduma
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka na uzi huu. Dada usijaribu barabara kwa mama wa miaka 71, umefanya vizuri kuifuta. Naijua njia hiyo vipande vipande. Songea, Njombe, Makambako, ni kama kilomita 295, lami ya zamani ya miaka ya themanini, kona nyingi na baridi. Makambako hadi Mbeya, halafu Tunduma na foleni ya malori ya mpakani. Tunduma hadi Sumbawanga kilomita 223. Sumbawanga hadi Mpanda, Mpanda hadi Uvinza, Uvinza hadi Kigoma. Jumla unapita kilomita 1,300. Hakuna basi moja la kukutoa mwanzo hadi mwisho, unashuka unapanda, unalala gesti ambayo hujaichagua. Mtu mzima mwenye nguvu anatumia siku mbili na nusu, tatu.

Kipande cha Mpanda hadi Uvinza nilikipita zamani wakati wa mvua, tukalala porini na magunia. Siku hizi ni tofauti sana, lakini kwa magoti ya mama hapana.

Mzawa wa Ujiji
Jumatatu, saa 1:10 asubuhi

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine: wanapanda meli ya Liemba hapa Kigoma, wanashuka na ziwa hadi Kasanga, kutoka hapo Sumbawanga kwa lori. Babu yangu alikwenda hivyo kutafuta kazi kwenye machimbo ya Chunya. Niliposoma kwa mwalimu kwamba mstari wa ndege unapita Chunya nilimkumbuka.

Rula na Dira
Jumatatu, saa 7:45 mchana

Nimerudi kwa sababu usiku sikulala vizuri, kuna jambo liliniganda. Mzee Fundi, naomba unisikilize halafu unisahihishe.

Niliposema mstari unapita juu ya Mpanda, sikuwa nimepima kiwanja cha Songwe pale Mbeya. Leo nimepima. Kipo kilomita kama 36 tu pembeni ya mstari. Kwa hiyo nikajaribu safari ya kurukaruka: Kigoma hadi Mpanda kilomita 226, Mpanda hadi Songwe 373, Songwe hadi Songea 320. Jumlisha: 919, ukizingatia makadirio yangu labda 920. Yaani ndege inayotua njiani mara mbili, inayookota watu wa Katavi na kuwashusha Mbeya, inaongeza umbali wa kilomita nne tu juu ya mstari ulionyooka!

Hoja yako ya viti nimeielewa. Abiria wa Songea hadi Kigoma peke yao hawajazi. Lakini hapa hatuwategemei wao peke yao. Kuna anayetoka Mpanda kwenda hospitali ya rufaa Mbeya. Kuna mfanyabiashara wa mchele wa Mbeya anayekwenda Kigoma. Kuna wanafunzi wa vyuo vya Mbeya kutoka Ruvuma. Viwanja vyote vinne vipo tayari, serikali imeshatia fedha. Songwe imefunguliwa mwaka 2012 na ina njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita tatu. Kinachokosekana ni ndege kuvifuata kwa mpangilio huo badala ya kila kimoja kutazama Dar peke yake.

Fundi wa Ratiba
Jumatatu, saa 11:30 jioni

Mwalimu, umenifurahisha sana. Hesabu yako nimeirudia na nimepata hivyo hivyo. Ungekuwa kazini kwetu ungepewa meza.

Nikupe uzito wa upande wa pili. Kila kituo kinakula muda. Kushuka, kusogea, kushusha watu na mizigo, kupakia, kupaa tena: ukifanya haraka ni dakika 45 ukihesabu na mwendo unaopotea. Kwa Q400, saa 1 na dakika 42 inakuwa kama saa 3 na dakika 10. Hiyo bado ni nzuri mno kuliko kulala Dar, nakubali. Shida ni kwamba injini na magurudumu huhesabiwa kwa idadi ya kuruka na kutua pia, si saa za hewani peke yake. Safari tatu fupi zinaichosha ndege kuliko moja ndefu.

Kwa hiyo watu husema tumia ndege ndogo, Caravan ya abiria 12. Inakwenda kama kilomita 315 kwa saa. Kilomita 920 ni saa 2 na dakika 55 hewani, na vituo viwili, weka saa 4 na nusu mlango hadi mlango wa ndege. Lakini sasa rudi kwenye rula yako uangalie kati ya Songwe na Songea. Mlima Rungwe unakaribia mita 2,960, Kitulo na safu ya Kipengere zipo hapo hapo. Caravan haina hewa ya kubanwa ndani. Rubani anatakiwa apande juu ya milima hiyo na mawingu yake ya asubuhi, na abiria wazee wanaihisi hewa nyepesi kifuani. Miezi ya Machi na Aprili angeahirisha safari nyingi.

Bado siufungi mlango. Njia yako ndiyo ningeipigania kama ningekuwa bado kwenye chumba cha kupanga safari, kwa Q400, mara mbili kwa wiki, Ijumaa na Jumapili, na ningeanza na Kigoma, Mpanda, Songwe kwanza. Watu wa Songea wangeongezwa baada ya miezi sita tukiona viti vinajaa. Na ningetaka halmashauri na mikoa yote minne ikae meza moja kabla ya ndege ya kwanza kuruka, iseme watumishi wake wangapi wanasafiri kila mwezi kati ya mikoa hiyo. Wao ndio wenye orodha hiyo.

Mama Ludewa
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Naomba tumrudie mama jamani, dada anataka msaada wa wiki hii.

Mwaka jana nilimsafirisha baba mkwe kutoka Songea kwenda Bukoba, miaka 78. Nikwambie niliyojifunza. Kwanza, kata tiketi moja ya safari nzima, Songea hadi Kigoma, usikate mbili mbalimbali. Tiketi ikiwa moja na ndege ya kwanza ikachelewa, wao ndio wanaotakiwa kukupangia nyingine. Ukikata mbili, ukikosa ya pili imekula kwako. Mimi nilikata mbili kwa kufuata bei, na mvua ikatuchelewesha, nikalipa upya. Niliumia.

Halafu omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi, usisubiri uwanjani. Ni bure. Dar mzee anatembea mbali kuliko unavyodhani, na kule mikoani anapanda ngazi za ndege kwa miguu yake, kwa hiyo mwambie wakala kabisa kwamba magoti hayapandi ngazi, waandike.

Na mahali pa kulala patafute karibu na uwanja, Kipawa au Ukonga huko, si Kimara wala Mbagala. Ile foleni ya asubuhi ni ndefu kuliko safari ya ndege. Mzigo apime nyumbani kwa mzani. Baba mkwe alibeba mahindi.

Binti Mfaranyaki
Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Nimewasoma wote nikiwa nanyonyesha, machozi yananilenga. Mama Ludewa, nitafanya ulivyosema, neno kwa neno. Nina mama mdogo Kipawa.

Mwalimu na mzee Fundi, ile njia ya Mpanda na Songwe naiandika kwenye daftari langu. Nitaipeleka kwenye kikao chetu cha watumishi.

Rula na Dira
Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Dada, mwambie mama jambo moja ili asishangae. Kigoma ipo magharibi ya Songea kwa karibu digrii sita, na kila digrii ni dakika nne za jua. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua la Kigoma linachelewa kuzama kwa dakika kama 24. Wazee wanaoswali na kulala kwa kufuata jua huwa wanasumbuka siku za kwanza.

Binti Mfaranyaki
Jumamosi, baada ya wiki tatu, saa 3:50 usiku

Wakuu, mama amefika. Naandika kwa sababu mlinisaidia na mnastahili kujua.

Nilimwomba mama mdogo na kaka waniandikie saa zote, nikazijumlisha. Alhamisi mama alitoka nyumbani Mfaranyaki saa 3 kamili asubuhi. Ndege ikaruka saa 5:30, ikatua Dar saa 6:50 mchana. Akalala Kipawa kwa mama mdogo. Ijumaa ndege ilitakiwa iruke saa 3:10 asubuhi, mvua kubwa ikaishikilia, ikaruka saa 3:50. Ikatua Kigoma saa 5:55. Alipotoka mlangoni na kunikuta nimesimama na mtoto mgongoni ilikuwa saa 6:20 mchana. Jumla saa 27 na dakika 20. Hewani: saa 1:20 na saa 2:05. Mzee Fundi, ni saa 3 na dakika 25 kamili, kama ulivyosema usiku ule.

Kiti cha magurudumu kilikuwepo Dar na kilikuwepo Kigoma. Kijana mmoja na mwenzake walimshusha mama ngazi za ndege wakiwa wamemshika kila mmoja bega moja, taratibu, wakimwita bibi. Mzigo ulikuwa kilo 22. Ndani kulikuwa na unga wa ulezi wa uji wangu, khanga mbili mpya, na kopo la karanga alizokaanga mwenyewe. Alikaa dirishani. Ndege ilipoanza kushuka akaliona ziwa, akamuuliza jirani yake kama wamerudi tena baharini. Yule jirani akamwonyesha milima ya Kongo ng'ambo.

Mtoto alimwogesha jioni ile ile kabla hata ya kupumzika. Nilimkatalia, hakunisikiliza. Akakaa kwenye kigoda, magoti ameyanyoosha mbele, mtoto juu ya mapaja, akawa anammwagia maji ya vuguvugu kwa kiganja.

Kama saa moja kasoro jioni akaomba simu ampigie dada yangu Songea kumwambia ameshafika salama. Dada akamwambia huku kwetu giza limeingia mama, tunafunga kuku. Mama akanyanyua uso akatazama nje ya mlango wangu, jua bado lilikuwa juu ya ziwa, jekundu. Akamwambia dada, huku bado.

Fundi wa Ratiba
Jumamosi, saa 4:02 usiku

Ahsante kwa kutuandikia mwanangu. Nimezinakili saa zako zote. Mkitaka kuipeleka ile hoja ya Mpanda na Songwe kwenye mkoa, niandikieni wewe na mwalimu, nitawasaidia kuipanga.

Rula na Dira
Jumamosi, saa 4:06 usiku

Mimi nipo tayari. Nianze na hesabu ya watumishi wa Ruvuma walioko Kigoma na Katavi?

Binti Mfaranyaki
Jumamosi, saa 4:15 usiku

Anza, mwalimu. Upande wa Kigoma nitahesabu mimi. Shuleni kwetu peke yake tupo wanne.